Dume la Wifi

Swalha alikuwa na wivu, na wala tusimsitiri. Wapo wenye wivu wa mume na wapo wenye wivu wa mali, lakini wake ulikuwa wa ndugu. Sufian ni mdogo wake wa pekee. Swalha ndiye aliyemvuta kutoka Unguja hadi Guangzhou, akampitisha duka kwa duka pale mtaa wa Yide Lu, akamfundisha kumwambia laoban, mwenye duka, “tai gui”, yaani ghali mno, hata pale bei inapompendeza. Kila magharibi kijana alikuwa akipanda ghorofa moja kuja kunywa chai kwa dada yake. Halafu akaoa. Akaja Nahla, na chai ikahamia chini. Siku hizi Sufian alimsalimia dada yake kwenye ngazi kama mtu anayemsalimia mwenye nyumba.

Na ingekuwa hilo tu. Sufian alikuwa amepata wazimu wa nyoka. Laoban Chen, aliyewauzia midoli ya biashara, alikuwa akifuga nyumbani kwake nyoka wadogo wasio na sumu, anawazalisha kwa ajili ya rangi zao, na Sufian akishika simu ni picha za nyoka asubuhi hadi jioni. Mke mwenye akili, Nahla akachukua jozi moja akaanza kufuga. Haya, Swalha, ambaye Unguja alishawahi kupanda kitandani kwa sababu ya mjusi, naye akaenda kwa Chen kutaka jozi yake. Hakuwataka nyoka. Alimtaka Sufian apande ngazi.

Chen alimtolea dume aliyezaliwa pamoja na dume wa Nahla, na jike wa tumbo hilohilo. Wote walikuwa wa kahawia wenye mabaka mekundu. Akamweleza kwamba ndani yao weupe umejificha, hauonekani kwa macho, na mtoto hatoki mweupe mpaka apewe weupe huo na baba na apewe na mama. Akiupata kwa mmoja tu, atakuwa wa kahawia kama wengine. Swalha akaitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye jike. Jike mwenyewe kakonda, hana mvuto. Kwenye boksi la pembeni kulikuwa na mwingine mnene, anang'aa. Akamtaka huyo. Chen akatikisa kichwa, akasema huyo ni wa ukoo mwingine, hana alichobeba. Basi! Miaka yote sokoni, muuzaji akikutikisia kichwa ndiyo unajua hiyo ndiyo bidhaa aliyomfichia mteja wake mkubwa. Swalha akamng'ang'ania yule mnene mpaka akampata, akarudi nyumbani anajipongeza.

Mayai yakaanguliwa. Kwa Nahla wakatoka watoto watatu weupe, wana mabaka ya waridi na macho mekundu kama punje za komamanga, pamoja na wengine wa kahawia. Kwa Swalha wote kahawia, hata wa kusingizia hamna. Sufian alipanda, akatazama, akasema mashaallah wazima, akaacha chai nusu kikombe akateremka. Baadaye Swalha akamsikia akicheka chini pamoja na mkewe. Kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Alifikiri, akaona kosa liko kwa dume. Mbegu si ya dume? Chen kampa Nahla dume la maana, yeye kamtupia makapi. Na wale madume wawili walikuwa sawa kabisa, kahawia kwa kahawia. Nani angewajua?

Mwaka uliofuata, kabla ya msimu wa kupandisha, Nahla na Sufian walikwenda bandari ya Nansha kufuatilia kontena lao. Nahla akamwachia wifi yake ufunguo, akamwomba awabadilishie nyoka maji. Swalha akawabadilishia maji, na dume akambadilisha vilevile. Alijua Sufian akigundua, hatakuwa na dada. Alijua, na akafanya.

Msimu ukapita, mayai yakaanguliwa. Kwa Swalha, kahawia watupu. Kwa Nahla, weupe wanne.

Swalha aliketi mbele ya boksi lake mpaka miguu ikafa ganzi. Maneno ya Chen yakamrudia moja moja: apewe na baba, apewe na mama. Dume lake halikuwa na kasoro tangu mwanzo. Aliyekuwa mtupu ni yule mnene, aliyemchagua yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Hajanyanyuka bado, mlango ukagongwa. Alikuwa Nahla, peke yake, kashika boksi dogo la plastiki. Ndani mlikuwa na watoto wawili weupe.

“Hawa wako, wifi,” alisema. “Kwa wafugaji, mwenye dume hupewa fungu lake.”

Swalha alijaribu kucheka, akauliza dume gani tena. Nahla hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba hakuna nyoka wawili wenye mabaka sawa, kama watu na nyuso zao. Siku ile aliporudi kutoka Nansha alifungua boksi, akaona mgeni.

“Na Sufian?” Swalha aliuliza.

“Nimemwambia dada yake ameniazima dume lake, kwa sababu alinionea huruma wangu alivyokataa kula. Amefurahi mpaka machozi yamemlenga. Anasema alidhani hunipendi.”

Swalha alimtazama yule mwanamke akiitafuta kejeli usoni mwake, walau kidogo, ya kumchukia nayo. Hakuiona. Na hapo ndipo wivu ulipomchoma kuliko siku zote, kuliko siku ya harusi. Uzuri angeweza kuutia dosari, na nyoka ni nyoka. Lakini hili la kusitiriwa na mtu uliyemwibia, hili angelishindaje?

“Ungemwambia tu,” alisema.

“Ningemwambia ili iweje? Angekukosa.”

Magharibi ile Sufian alipanda ngazi. Alikaa pale pale pa zamani, akanywa chai yote, akaomba nyingine, akamsifu dada yake kwa moyo wake mkubwa wa kumwazima wifi yake dume. Swalha alimmiminia, akamsikiliza, akaitikia kila sifa. Ndugu yake alikuwa amerudi kwake, na aliyemrudisha ni Nahla.