Sumu Isiyo Yangu

Mama mkwe wangu, Mukunde, alikuja kwetu Kagarama Jumapili kumchukua binti yangu Kaze. Alikuja na mdogo wake, mzee Mugenzi, awe shahidi kwamba mimi Winifred namlisha mtoto sumu ya macho. Kaze ana miaka tisa, na haoni maandishi ya ubaoni hata akikaa dawati la mbele. Kwa miaka mitatu bibi yake amewatangazia waumini wenzake kwamba nililelewa Tanzania, nani anajua nilirudi na nini. Hata maji nikimpa, lazima niyaonje kwanza. Kuonja ni desturi yetu, na funda moja linatosha. Yeye hutaka matatu.

Siku hiyo nilionja yote matatu. Nilikuwa na karatasi ya daktari.

Wiki chache kabla, mume wangu Silvère alikuwa ametoa damu huku anacheka, akiamini majibu yatanifunga mimi. Daktari Aneth alitupima wote watatu, mimi, yeye na Kaze, akatueleza taratibu. Nguvu ya seli hutengenezwa ndani ya mitokondria, vinu vidogo vilivyomo ndani yake, nazo zina utando wa ndani. Kwenye utando huo hukaa protini iitwayo OPA1, inayoushikilia usivurugike. Ikipungua, neva za macho hukosa nguvu na kufa polepole. Mzazi mmoja mwenye kasoro ya kuipunguza anatosha kumrithisha mtoto, hata kama yeye mwenyewe bado anaona.

"Hiyo karatasi iko inasema nini?" Mugenzi akauliza nilipoitoa.

"Mimi sina kasoro. Iko kwa Silvère, naye ameirithi." Nikamgeukia mama mkwe. "Marehemu baba mkwe aliendesha lori mpaka uzeeni. Sasa amebaki nani? Soma mwenyewe, mama."

Akaisogeza karatasi hadi puani, akanirudishia. "Miwani nimeacha nyumbani."

"Huna miwani, mama. Hakuna miwani ya kukusaidia."

Nyani haoni kundule! Niliona utamu moyoni, sifichi.

"Mama, ulijua?" Silvère akauliza.

"Nilijua. Hata mama yangu ilikuwa hivyo. Niliogopa watu watasema ukoo wetu iko na laana."

"Ukaona unitwishe mimi!" nikamwambia.

Mugenzi akakohoa, akasema mtoto abaki kwa mama yake na maneno yaishe. Nilikuwa nimeshinda, ningeweza kukomea hapo. Lakini nilitaka alie.

"Tuambie sote. Mama yenu aliishiaje?"

"Mwanangu, inatosha," Mugenzi akasema.

"Aseme!"

"Alipofuka kabisa," mama mkwe akasema. "Dawa haikuwepo."

"Na mpaka leo haipo," nikamalizia, kwa sauti kubwa.

Akalia. Nikamtazama mpaka nikashiba. Ndipo nikamwona Kaze, kwenye kochi palepale kati yetu, begi la nguo magotini. Alikuwa ameinua mkono mbele ya uso wake, anaufunga na kuufungua, akiangalia kama vidole bado vipo.