Gauni Lililolowa Kifuani

Sijawahi kuona mwanaume aliyeogopa wagonjwa kama Tabibu Hamimu. Alikuja kwenye zahanati yetu huku Nkololo na kishikwambi cha mradi, na tangu siku hiyo hakuwa akimtazama mtu usoni. Alisoma swali, akabonyeza, akasoma jingine. Mwisho kioo kiligeuka kijani, mgonjwa arudi nyumbani, au chekundu, akimbizwe hospitali ya Bariadi. Mimi nimefanya unesi miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kunichomeka ukutani nipate chaji.

Jumanne ile, saa mbili asubuhi, Nyamizi alikaa kwenye benchi na mtoto wake wa miezi saba mwenye homa. Kando yake alisimama baba mkwe wake, Mzee Masunga. Nilipita mara moja tu nikaona: gauni la Nyamizi limelowa maziwa kifuani, kulia na kushoto, na mtoto amelegea tu, hatafuti titi. Mtoto huyo alikuwa hanyonyi. Ilibaki mimi kufungua mdomo tu niseme.

Sikuufungua. Nilitaka kidude kile kikosee mbele za watu.

"Shikamoo mzee. Mtoto ananyonya?" Hamimu aliuliza, macho kwenye kioo.

"Marahaba. Ananyonya vizuri," alijibu Masunga.

Wapumbavu wawili. Huku mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mkamwana kifuani. Masunga alijibu asichokijua kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wanamsubiri mnadani. Hamimu akabonyeza ndiyo. Nyamizi aliinamisha kichwa.

"Amepata degedege?"

"Hapana."

Kijani.

Hapo nikajitokeza. Nilimsema Hamimu mpaka foleni nzima ikacheka. Nikamwambia hata mchunga ng'ombe anamjua ndama asiyenyonya kwa kutazama chuchu za mamaye. Alibonyeza upya, safari hii hapana, na kioo kikawa chekundu papo hapo. Kidude hakikuwa na kosa, kosa ni la aliyeulizwa na aliyeuliza. Raha niliyoipata!

Nilipogeuka kumchukua mtoto, benchi lilikuwa tupu. Bodaboda ilishawabeba wakati mimi nachekesha watu.

Tuliwapata kwao saa saba mchana, mtoto amekakamaa kwa degedege. Bariadi walisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba tungewahi asubuhi ingekuwa afadhali.

Miezi mitatu baadaye Nyamizi aliniletea zahanati michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mtoto mgongoni. "Wabeja sana, mayu," alinishukuru kwa Kisukuma. "Ni wewe uliyeona."

Hamimu aliitikia kwa kichwa. Siku hizi anawatoa wakwe nje kwanza, anaweka kishikwambi chini, anamtazama mama, ndipo anauliza. Mimi mikono ilikataa kupokea michembe ile. Nilijiona takataka.

Nilizunguka nyuma ya Nyamizi, nikapiga makofi karibu na sikio la mtoto. Foleni nzima iligeuka. Mtoto hakugeuka.