Simu Chini ya Beseni

Sotelak, kampuni ya simu, ilipokuja mtaani Mbugangari mara ya kwanza, ilichimba mashimo. Simu zinakuja, walisema. Waliokuja ni mbuzi, wakatumbukia humo. Mara ya pili wakasimamisha nguzo, na nguzo zikakaa bila waya mpaka wanawake wakafunga kamba na kuanika mashuka. Na ukisema uende kampuni nyingine, ipi? Ilikuwa hiyo hiyo, utake usitake.

Basi Cansilde, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alipowaona wamerudi na mnara juu ya kilima na simu isiyo na waya, wakaiweka dukani kwa Anastase, alisonya. Meza yake ya samaki ilikuwa mlangoni pa duka hilo, kwa hiyo hotuba yote ilimwingia masikioni bila kuiomba.

"Sasa mutaongea mpaka Goma!" alisema mtu wa kampuni, tai imemkaba shingo.

"Na zile nguzo je?" Cansilde akamuuliza. "Ama zilikuwa za mashuka yetu tangu mwanzo?"

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akacheka nao, hana hata haya.

Lakini Cansilde alikuwa na jambo lake moyoni. Binti yake Gatesi aliolewa Goma, ng'ambo ya mpaka, na mimba ilikuwa imefika mwezi wake. Mtoto wa kwanza Gatesi alimpoteza, alipojifungua peke yake akilia mama, mama. Safari hii Cansilde alimwapia: "Nitakuwa nimekushika mkono." Mkwe wake Régis, ambaye kazini kwao kulikuwa na simu, akasema atapiga.

"Hapana! Mi siamini kitu ya hao watu. Uchungu ukianza, mutume Mukandayisenga."

Mukandayisenga alivuka barieri ya mpakani kila siku na mboga kichwani na salamu za mtaa mzima mdomoni. Hajawahi kudondosha hata moja.

"Bon, Mama," Régis akakubali.

Hata hivyo, wiki hiyo simu ilipolia aliwaacha wateja mezani. Alikimbia na mikono inayonuka samaki. "Gatesi?"

"Alo, hapa Sotelak. Tunajaribu mitambo. Munatusikia?"

Kesho yake tena. Keshokutwa tena, sauti ileile, mitambo ileile. Kila mara alikimbia, na kila mara hasira ikampanda. Akaapa mbele ya Anastase kwamba hatagusa tena kidude hicho.

Siku ya soko Anastase akaenda Kanama kufuata viazi, akamwachia duka. Mchana simu ikalia. Cansilde akaitazama kwa jicho baya. Mukandayisenga hajapita, basi hakuna habari. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Mama Gatesi, si ushike?" aliuliza Vestine, jirani aliyekuwa akichagua sambaza.

"Wanajaribu. Acha wajaribu mpaka wachoke."

Haikuchoka. Akaichukua kwa ncha ya kitenge kama anayetoa panya mfu, akaifunika kwa beseni tupu, akaweka jiwe juu. Vestine alicheka mpaka mbavu zikamuuma, Cansilde naye akacheka. Simu ililia humo chini muda mrefu, mwishowe ikakoma.

Jua lilikuwa linazama Mukandayisenga alipotokea mbio, kichwani hana kitu.

"Yewe! Mama Gatesi, we uko hapa bado? Lori ya kabichi ilitukwamisha Sake, kule mbele ya Goma, siku nzima, Régis hakuniona. Amekupigia, amepiga, amepiga! Na mi nimekuwa mutu wa mwisho kupita, barieri wamefunga."

Cansilde akashika meza. "Gatesi?"

"Muzima. Na mutoto muzima, binti. Lakini aliteseka sana, na alikuwa peke yake. Alikuwa anaangalia mulango tu."

"Amesema nini?"

Mukandayisenga akageuza uso. Kwa mara ya kwanza alitamani kudondosha salamu njiani.

"Sema!"

"Amesema, 'Mwambie Mama, siku ingine asiniahidi.'"

Machozi yalimtoka Cansilde bila sauti. Aliondoa jiwe, akaondoa beseni, akaishika simu kwa mikono miwili. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, akaiweka sikioni na kuita, "Gatesi? Gatesi, mwanangu?" Hakujua inapigwaje.