Nusu Kichwa

Wifi yake alipoketi kitini na kusema, "Nisuke vizuri, jioni nina sherehe," msusi alitabasamu hadi magego yakaonekana. Alikuwa na kiporo chake moyoni.

Ni wifi huyo aliyemuuzia sabuni ya manukato ya kuoshea ukeni, akamwambia, "Ni laini, haidhuru mahali popote. Usipojiosha nayo, kaka yangu atakukimbia." Msusi akajiosha ndani asubuhi na jioni. Akaambulia muwasho, na harufu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Muuguzi akamweleza wazi: huko ndani hujisafisha kwenyewe, nje maji matupu yanatosha, sabuni ndiyo iliyomuunguza. Wifi alipoambiwa alicheka. "Mchafu wewe, unasingizia sabuni."

Sasa nywele za kushoto zilikuwa zimesukwa zikalala, za kulia zimesimama kama ufagio. Msusi akaweka kitana chini, akatoa chupa ya sabuni ileile mbele ya wateja.

"Wifi, tia tone moja jichoni, nikumalizie."

"Una wazimu? Si itaniunguza!"

"Si ulisema ni laini, haidhuru mahali popote?"

Mteja mmoja akafungua mkoba wake, akatoa chupa kama hiyo, akaitupa kwenye pipa la taka. Wifi akanyanyuka na nusu kichwa chake, akakimbilia mlangoni.

"Jicho lako unalionea huruma!" msusi akampigia kelele mpaka barabarani. "Kwangu mimi uliona sufuria ya kusugua?"