Bunduki ya Damasi Kwenye Filamu ya Mizimu

Jumamosi saa tisa alasiri, banda la video la Alois pale Maisaka lilijaa watu waliokuja kuangalia filamu ya mizimu. Alois alishika maiki akitafsiri kila kinachosemwa. Kwenye silaha alikuwa bomu kabisa. Bunduki zote kwake ni SMG. Kwa hiyo Otilia, Mama Jesse, aliyesafisha silaha za mgambo miaka minane, alikaa benchi la mbele kumsahihisha.

"Hiyo ni bastola, Alois. Hilo gobore. Na hiyo..." Akainuka. "Hiyo ni ya marehemu mume wangu."

Kweli ilikuwa yenyewe. Kitako kilifungwa waya wa shaba, mkanda ulikatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Damasi alilinda nayo ghala la mahindi Bagara, mpaka asubuhi alipokutwa amekufa kwa risasi. Polisi wakaandika kwamba amejiua kwa bunduki hiyohiyo, kisha bunduki ikapotea stoo ya vielelezo. Kanisa nalo likakataa kumzika kwa ibada. Otilia hakukubali, maana bunduki ile ilivunjika pini ya kufyatulia zamani, haijawahi kupiga hata njiwa. Bosi wa ghala alimpa Damasi atishie vibaka tu. Mtu anajiuaje kwa bunduki mbovu, jamani?

Kwenye filamu, Mzungu mmoja aliulenga mzimu, akafyatua. Tik. Akafyatua tena. Tik.

"Mnaona?" Otilia aliwauliza watu. "Haipigi!"

Akasogea, akaingiza mkono kwenye runinga, akaitoa bunduki. Mzungu aliiachia bila ubishi. Mzimu ukamla, na watu wakaendelea kuangalia.

Otilia alikwenda nayo moja kwa moja kituoni. Koplo Aminiel, aliyekuwa zamu, alisoma namba ya bunduki, akatazama jalada la Damasi. Zilifanana.

"Shikamoo, mama. Imepatikana wapi?"

"Marahaba. Kwenye filamu."

Akaandika: kwenye filamu. Kisha akaielekeza ukutani, akafyatua mara tano. Tik, mara zote tano.

"Ni kweli, mama, haipigi," alisema. "Lakini jalada linasema inapiga, na wakubwa wameshasaini. Limefungwa."

Hasira ilimpanda Otilia. Akaichukua mezani, akaweka mtutu kifuani pake, akafyatua. Tik.

"Basi andika na mimi nimejiua!"

Aminiel alifikiri. Aliona majalada mawili hayawezi kupingana juu ya bunduki moja. Akaandika kwamba Otilia amejiua Jumamosi saa kumi na nusu jioni, akagonga muhuri, akampa nakala. Bunduki ikarudi stoo.

Jumatatu Otilia alirudi kuomba jalada la mumewe lifunguliwe.

"Marehemu hawezi kuleta malalamiko," Aminiel alimweleza kwa upole.

"Poa. Nitasubiri hapa." Akakaa kwenye benchi la mapokezi, akavua viatu.

Jumanne alikuwepo. Wiki iliyofuata alikuwepo, na kila aliyeingia alimwambia kwa sauti kwamba Damasi hakujiua. Jalada halikufunguliwa. Mwishowe Aminiel alichoka.

"Mama Jesse, nitakuweka ndani."

"Niweke," Otilia alisema, akamsogezea daftari la mahabusu. "Nione utaandika jina la nani."