Mayai Yaliyovunjikia Njiani

Ukitaka kuwagombanisha mke na mume wanaopendana, huhitaji fitina wala uchawi. Wape tu kuku wa mayai na mteja mkubwa, kisha ukae pembeni usikilize.

Mama Pacha alifuga kuku nyuma ya nyumba, katika banda la mabati makuukuu ambalo lilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi. Mumewe, Baba Pacha, ndiye aliyekuwa msafirishaji. Kila asubuhi alizifunga trei za mayai nyuma ya baiskeli yake akazipeleka katika hoteli kubwa ya barabara kuu, ile ambayo hata bustani yake ilikuwa na mlinzi. Kila mwisho wa mwezi Mama Pacha alikwenda kupokea malipo, akarudi na bahasha iliyokonda na maelezo yale yale: fedha zimekatwa kufidia mayai yaliyovunjikia njiani.

"Unayatafuta mashimo kwa tochi," alimlaumu mumewe.

"Mke wangu, naendesha kama niliyembeba bibi harusi."

"Basi bibi harusi wako anafika amepasuka."

Ugomvi huo uliota mizizi. Mama Pacha alizitandika trei kwa maranda laini. Baba Pacha akaacha kupanda baiskeli, akawa anaisukuma kwa miguu mwendo wote, huku wapita njia wakimpa pole wakidhani imeharibika. Makato hayakupungua. Mama mkwe, aliyeishi nao na ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alimtetea mwanawe kwa sentensi moja tu: "Mwanangu ana makosa mengi, lakini hajawahi kuangusha kitu kinacholiwa."

Mwezi ule maji yalifika shingoni. Muuza chakula cha kuku alikataa kukopesha tena, na Baba Pacha, kwa moyo mzito, akazungumza na mchinjaji. Jumamosi angekuja kuwachukua kuku wote. Labda hoteli ilipe kikamilifu. Vinginevyo banda lingebaki tupu.

Hoteli haikulipa kikamilifu.

"Utaratibu ni utaratibu, mama," alisema Bwana Stoo, mpokeaji wa bidhaa za hoteli, akiwa amesimama katika mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa wanaokula. Wa nyuma ulikuwa wa wanaowalisha. "Yaliyovunjika hatuwezi kuyalipia. Nyinyi wafugaji wadogo mna bahati hata kununuliwa na hoteli kama hii."

Mama Pacha aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao. Hakuwa mtu wa kumdhania mwenzake uongo.

"Sibishi, kaka. Kilichovunjika kimevunjika. Ila naomba maganda yangu."

"Maganda?"

"Maganda ya hayo mayai. Kuku hutumia mwili wake kutengeneza ganda, kwa hiyo nikiyapata nayakausha, nayatwanga, nawarudishia katika chakula chao. Chakula chenyewe kimeniishia. Kama mayai ni hasara yangu, basi na maganda ni yangu."

Bwana Stoo aliucheka ujinga huo mpaka miwani ikamteleza. Ombaomba wengi walikuwa wamepita katika mlango ule, lakini wa takataka alikuwa wa kwanza! "Mwambie mumeo kesho aje na ndoo. Tutaijaza."

Ahadi hiyo aliitimiza barabara. Kesho yake Baba Pacha alirudi na ndoo ya maganda iliyofurika, akaitua mbele ya mkewe kama mshtakiwa anayekabidhi kisu.

"Haya. Dhambi zangu hizo."

Mama Pacha alitandika gunia uani akayamwaga ili yapigwe na jua. Bibi akavuta kigoda, maana kazi ya kuchambua ilikuwa yake. Alichukua ganda moja, akaligeuza. Akachukua la pili, akalinusa. La tatu akalibandua ndani kwa ukucha, akatoa kipande cheupe, kigumu, akakitia mdomoni.

"Mama! Usile takataka za watu!" alipiga kelele Mama Pacha.

"Takataka gani? Limeiva vizuri. Hata chumvi limetiwa." Bibi alitafuna kwa utulivu. "Mkwe wangu, nauliza tu, mimi mzee sijui mambo ya kisasa. Hiyo njia anayopita mume wako, ina moto wa kuchemshia mayai?"

Mama Pacha alishika ganda, akashika lingine. Yote yalikuwa na ute ulioiva, umegandamana ndani kama chokaa.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Bibi, "lakini hii imefupishwa mno, imepitia jikoni!"

Baba Pacha alicheka mpaka akakalia ndoo. Mkewe hakucheka mara moja. Alimtazama mwanamume yule aliyesukuma baiskeli kwa miguu, njia nzima, kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Baba Pacha, nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini kesho baiskeli naipanda."

Asubuhi ya Ijumaa walikwenda wote wawili. Mama Pacha hakuziacha trei ziingie ndani kama kawaida. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akazipakata. Ndani, wageni walikuwa wamekwisha kuanza kugonga vikombe kwa vijiko.

"Leta mayai, mama, watu wana njaa!" alisema Bwana Stoo.

"Nitaleta, kaka. Kwanza unisaidie." Akampa ganda moja, kwa mikono miwili vile vile. "Hili lilivunjikia sehemu gani ya njia?"

Bwana Stoo alilichungulia. Mpishi mkuu, aliyekuja mbio kuulizia mayai, akachungulia juu ya bega lake.

"Si langu hili?" alisema mpishi. "La kifungua kinywa cha juzi. Jana uliniambia niwajazie ndoo, nikajaza. Kwani mayai yao huvunjika? Mimi sijapokea hata lenye ufa."

Bwana Stoo alikohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na ganda bado lilikuwa lile lile.

"Hu… huenda hesabu zilichanganyika."

"Huenda," alisema Mama Pacha kwa upole. "Basi tuzichanganue. Makato ya mwezi huu, sasa hivi. Na kuanzia leo tunahesabu hapa mlangoni, mimi na wewe. Yakivuka kizingiti yakiwa mazima, yakivunjika ni yenu."

"Na ya miezi iliyopita?" aliuliza Baba Pacha.

"Hayo tutayazungumza," alisema Bwana Stoo.

"Ndiyo. Kila asubuhi," alijibu Mama Pacha, bila kunyanyuka, mpaka fedha za mwezi ule zilipotua mkononi mwake. Trei zikaingia ndani mpishi akizipigia mluzi.

Jumamosi mchinjaji alikuta gunia jipya la chakula mlangoni mwa banda na kuku wakiwa na shughuli.

"Sasa mnawalisha nini hawa?" aliuliza kwa uchungu.

"Ushahidi," alisema Bibi, akiendelea kutwanga maganda.