Mtamba wa Waziri

Siku za msiba watu waliniuliza mengi, na yote niliyajibu kwa neno moja. Chai iletwe? Sawa. Viti virudishwe leo? Sawa. Katibu wa kikundi cha vijana wakulima, kijana mfuga kuku mwenye sauti ya mnadani, alichuchumaa mbele yangu kwa adabu zote. Akauliza kama yule mtamba wa marehemu bado atakuwa zawadi ya kwanza ya bahati nasibu yao. Sawa, nikasema. Hata angeniomba mabati ya nyumba ningesema sawa.

Marehemu ni binti yangu. Walimwita Waziri, maana akisimama kueleza habari za mbolea ungedhani serikali nzima imo mfukoni mwake. Mtamba huyo alimnunua akiwa ndama wa mbavu nje, akamlea mpaka akanawiri, kisha akaahidi kumtoa ili kikundi kipate pampu ya kumwagilia mashamba yao. Halafu homa. Siku nne tu.

Sikulia. Msinisifu, si ujasiri, sikuhisi kitu. Nilipika, nikafagia, nikamkatia mtamba majani asubuhi na jioni, mwili ukijiendea wenyewe. Mgeni asiye na habari akiuliza Waziri yuko wapi, nilimjibu, "Ametoka." Dada yangu alikuwa ananikodolea macho tu.

Kitu kimoja nilikitaka: mtamba abaki bandani kwangu. Kurudi kumwambia Katibu nimeghairi niliona haya, kwa hiyo nikanunua tiketi kumi na mbili.

"Kumi na mbili!" dada akashika kichwa. "Umechanganyikiwa wewe?"

"Nimekuomba hela?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Jumamosi ya bahati nasibu, saa nne asubuhi, ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Mtamba walimfunga nje, karibu na dirisha, na utepe mwekundu shingoni. Eti urembo! Waziri angeukata palepale.

Taratibu za kikundi ni chache. Aliyetoa zawadi ndiye anayeokota tiketi na kuisoma. Jina husomwa mara tatu, na mwenyewe anatakiwa ajibu "Nipo." Kukiwa kimya, msomaji anatamka "Hayupo" kwenye kipaza sauti, tiketi inawekwa kando, inaokotwa nyingine. Utaratibu huo aliuleta Waziri, baada ya mbuzi wa zawadi wa mwaka jana kwenda kwa binamu wa kiongozi mmoja, mtu ambaye hata ukumbini hakuwepo. Aligomba siku hiyo mpaka watu wazima wakawa wapole.

Nikapanda jukwaani badala ya Waziri. Nikatia mkono ndani ya ndoo, nikakoroga, nikatoa karatasi moja. Niliutambua mwandiko kabla sijasoma. Herufi zimelala kushoto, wino wa kijani. Tiketi namba moja. Aliinunua mwenyewe siku ya kufungua mauzo, kabla hajaugua.

"Waziri," nikasoma.

Katibu akanisogelea, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mama, sema tu Nipo. Nani atabisha? Mchukue."

"Apewe mama yake!" mtu akapaza sauti huko nyuma. Wakadakia wote, apewe, apewe, na makofi.

Jamani, si ndicho nilichokitaka? Neno moja tu. Dirishani mtamba alikuwa anatafuna, hana habari. Lakini nilimjua mwanangu. Angesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni: "Mama, hata wewe?" Nikamkasirikia. Nilimkasirikia yeye na taratibu zake, na homa yake ya siku nne, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kulihisi kwa miezi miwili.

"Waziri," nikasoma mara ya pili. Makofi yakakatika.

"Waziri."

Nikasubiri. Sitawadanganya, nilisubiri kweli. Niliutazama mlango, mtu mzima na akili zangu, nikiwa na kipaza sauti mkononi. Mlangoni hakutokea mtu.

"Hayupo," nikasema.

Spika zote mbili zikalirudisha lile neno. Hata Katibu aliinamisha kichwa.

Tiketi ya pili ilikuwa ya fundi viatu wa pale njia panda. "Nipo," akaitikia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyefumaniwa. Tulipofika nje hakutaka kuipokea kamba. "Mama, mimi siwezi kumchukua huyu. Dhamiri itanisuta."

"Usinikasirishe, fundi. Shika kamba."

Akashika.

"Maji hanywi kwenye ndoo ya bati," nikamwambia. "Anataka ya plastiki, ya njano. Utakuja kuichukua nyumbani. Na jioni umkune hapa, nyuma ya sikio, ndipo alale. Waziri alikuwa anamkuna hapa. Alikuwa..."

Nilijikuta nimekaa chini, nalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, watu wakichungulia madirishani. Dada yangu akaja mbio, akakaa vumbini na gauni lake jipya, akanikumbatia. Hakuniambia ninyamaze.